Picha Hamsini na Mbili za Lusajo

Siku hizo kila mzazi alipelekwa kambini kufanya kazi mwaka mzima mara mtoto wake alipozaliwa, na watoto wakalelewa na mashine katika kituo kimoja jijini Mbeya. Tunsume alikuwa mpiga picha wa kituo hicho. Kila Jumatatu alimpiga Lusajo, mmoja wa watoto hao, picha moja ya kuwatumia wazazi wake. Alimweka karibu na dirisha, akapiga magoti mpaka macho yao yakalingana, kisha akamsemesha mpaka acheke. Hakuruhusiwa kumbeba.

Mwaka ulipoisha, Atupele alikuja kumchukua mwanawe. Lusajo alilia mikononi mwake bila kunyamaza. Atupele akazitazama nakala za picha zilizopangwa mezani.

"Umempiga picha vizuri sana, dada. Ila hapa alikuwa anacheka na nani?"

Tunsume alianza kuzikusanya picha. "Na kamera tu, Mama Lusajo. Watoto wanaipenda."

Atupele akashukuru, akaondoka. Lusajo alinyoosha mikono nyuma, juu ya bega la mama yake, mpaka mlango ukafungwa.

Mchana huohuo kitanda chake kililetewa mtoto mwingine, wa siku mbili. Tunsume alisimama hapo muda mrefu kabla ya kuuliza jina lake.