Hodi ya Nne

Moshi ulikuwa ukipenya chini ya mlango wa Bi Greta, bibi wa Kizungu waliyepakana naye ghorofani. Mwanaidi aliugonga mlango.

"Hodi!"

Harufu ya sufuria inayoungua ilizidi.

"Hodi, bibi! Ni mimi, jirani yako!"

"Mama Zuhura, rudi ndani," mumewe alinong'ona nyuma yake. "Umesahau juzi? Natafuta ufunguo wangu tu, huyuhuyu akawaita polisi. Eti mtu mweusi anavunja mlango. Mlango wangu mwenyewe!"

"Nisahau vipi? Si mimi niliyekuja kukutoa kituoni?"

"Basi waachie zimamoto."

"Nimeshawapigia. Mtaa wetu huu, watafika lini?"

Akagonga tena. "Hodi!"

Kwao, mgeni asiyeitikiwa hodi ya tatu huenda zake, wala hakuna wa kumlaumu. Miguu ya Mwanaidi ilikuwa imeshaanza kugeuka aliposikia mtu akikohoa ndani.

"Akikukuta mlangoni kwake je?" mumewe aliuliza. "Atasema ni wewe uliyewasha moto."

"Basi anione vizuri."

Mwanaidi alirudi hatua moja, akasimama sawasawa mbele ya kitundu cha kuchungulia. Akainua mikono yote miwili, viganja wazi, kama mtu aliyeamriwa na polisi. Kisha akaita kwa sauti aliyozoea kumwitia mama yake mzazi:

"Hodi, bibi. Hodi."

Kitundu kilichokuwa na mwanga kikaingia giza. Jicho lilikuwa limefika.