Bango la Macy

Mabango yalikuwa yametundikwa kuzunguka ukumbi wote wa mpira wa kikapu, marefu kuliko mlango, moja kwa kila msichana anayemaliza shule. Kila mmoja alikuwa pale na macho yake, na meno yake, na jasho lake. Isipokuwa Macy. Macy alikuwa wingu lililovaa jezi namba tano.

Darla alisimama mbele ya bango hilo na koti lake jekundu la timu, lile alilojinunulia Krismasi iliyopita, na hasira zikampanda hadi masikioni.

"Huyu ni mwanangu au moshi?" aliuliza kwa sauti.

Akakata katikati ya uwanja kwenda upande wa pili. Watu waligeuka kutazama, maana msimu mzima Darla hakuwa amevuka. Tangu talaka, mwaka juzi, yeye na Verlin walikuwa wamegawana ukumbi kama walivyogawana vyombo. Darla upande wa mashariki, benchi la mbele kabisa, ambako marefa wote walimjua kwa sauti. Verlin upande wa magharibi, na kamera yake, ile iliyopiga picha ya bango la Macy. Ndivyo wanavyofanya wazazi walioachana katika miji yetu hii ya Indiana, na hakuna anayeuvunja utaratibu huo bila sababu.

"Verlin! Umemfanya nini mwanangu?"

Verlin alikuwa akifuta lenzi. "Darla. Habari za jioni."

"Habari za jioni zimetundikwa pale ukutani! Msimu mzima, bwana, msimu mzima unapiga picha, umeshindwa kupata hata moja ya maana? Kamera umeinunua Oktoba iliyopita, bei mbaya, na lenzi kubwa kama kopo la rangi. Ya nini sasa?"

"Taa za humu ni hafifu," Verlin alisema taratibu. "Lazima nifungue tundu la lenzi lote. Ukilifungua hivyo, panapoonekana vizuri panakuwa pembamba kama kidole. Na Macy anakimbia. Ukibonyeza, ameshapita. Kamera inamwacha, inashika kitu kingine nyuma yake."

"Kitu gani?"

Verlin akaangalia viatu vyake. "Watu tu. Huwa nawakata, nabakiza mtoto."

"Unabakiza ukungu!"

Hasira hii haikuwa ya bango peke yake, na kila aliyekaa karibu alijua. Siku aliyohama, Darla alimwambia Verlin kwamba kuishi naye ni sawa na kuishi na ukuta, kwamba tangu amuoe hajawahi hata kumwangalia. Verlin alimsaidia kubeba masanduku hadi garini, jambo ambalo lilimuudhi Darla kuliko tusi. Na sasa Macy alikuwa amemsihi wiki nzima: jioni hii kila anayemaliza anaingia uwanjani katikati ya wazazi wake, mama huku, baba huku. Darla alikataa katakata. Atembee na mmoja, yeyote amtakaye, lakini yeye na Verlin bega kwa bega mbele ya mji mzima? Thubutu!

"Lete hapa hiyo kamera."

"Darla, usi..."

Alishaipokonya. Wasichana walikuwa wakipasha misuli, na Macy alikuwa akija mbio moja kwa moja kuelekea goli la upande wao. Kwenye kioo cha kamera, kisanduku cha kijani kikamrukia Macy usoni, kikamng'ang'ania. Darla akabonyeza, kisha akatazama kioo.

Loo! Kope zilihesabika. Hata kovu dogo la kidevuni, la kuanguka na baiskeli, lilikuwepo.

"Oneni wenyewe!" Aliinyanyua kamera juu, na watu kwenye mabenchi wakacheka. "Mimi hata kuiwasha sijui, na nimempata mara ya kwanza! Kamera haina kosa, ni wewe. Huna macho ya kumwona mtu, Verlin. Hukuwahi kuwa nayo. Na sasa umemharibia mtoto siku yake."

"Sawa. Nimekubali, kosa ni langu." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nirudishie sasa. Usiibonyezebonyeze, tafadhali."

"Nitaibonyeza mpaka ilie!"

Trish, mama wa mchezaji mwingine, aliyekuwa benchi la juu yao na ndoo yake ya bisi, akainama. "Ninayo kama hiyo. Verlin, si uliifundisha uso wa Macy? Unaionyesha uso wa mtu, inaukariri. Basi akitokea tu mbele yake, hata awe mbali katikati ya umati, inawaacha wengine wote inamfuata yeye. Mimi nimemweka Kayleigh wangu."

Darla akamgeukia Verlin. "Hata uso wa mwanao hukuuweka?"

"Darla." Mkono wa Verlin ulikuwa umenyooshwa. "Naomba kamera yangu."

"Ebo! Unaficha nini? Trish, nibonyeze wapi?"

"Hapo pembeni. Shuka chini. Chini tena. Hapo penye alama ya uso."

Mtangazaji alikuwa ameshaanza kuita majina. Macy alisimama mlangoni na maua yake mkononi, akitupa macho upande wa mashariki, kisha upande wa magharibi.

Kioo kikafunguka. Kulikuwa na uso mmoja tu uliokaririwa, na haukuwa wa Macy. Ulikuwa wa mwanamke mwenye koti jekundu, benchi la mbele kabisa, mdomo wazi, akimfokea refa.