Mbuzi kwa RAM

Felista aliuza mbuzi wake wa pekee ili binti yake aache kukwama.

Kila Jumapili baada ya misa, Ignas, mwanawe wa kiume, aliweka laptopu mezani, na dada yake Catherine akatokea kiooni kutoka Omani, alikokwenda kufanya kazi za ndani. Simu bosi wake hamruhusu, Ignas alisema. Tangu masika binti alivaa kitambaa kile kile cha bluu kichwani. Felista aliamini ndiyo sare ya huko.

Salamu zilikwenda kama zinavyokwenda huku milimani, moja baada ya nyingine, maana mtu mwenye adabu hakurupuki na shida zake. Umekula? Wanakutunza? Unasali? Catherine alijibu yote, ila kwa kuchelewa. Picha iliganda, mdomo ukabaki wazi, Felista akauliza na kusubiri, kisha jibu likafika. Hilo alilizoea.

Ambalo hakulizoea ni kwamba kila alipomaliza salamu na kutaka kusema la moyoni, laptopu ilikwama moja kwa moja.

"Mashine imechoka, mama," Ignas alisema, akaifunga.

Na la moyoni lilikuwa shamba. Kwa Waluguru ardhi hufuata tumbo la mama, na Felista alijaliwa binti mmoja tu. Wajomba wa ukoo walishasema: Catherine asiporudi baada ya mavuno ya maharage, shamba watapewa mabinti wa Yuliana, mdogo wake Felista. Hawakuwa na ubaya. Ardhi hailazwi ikimsubiri mtu. Felista alitaka neno moja tu kutoka kwa binti yake, narudi au sirudi, na neno hilo lilimnyima usingizi.

"Tuiongezee hiyo RAM wanayoisema," alimwambia Ignas. "Labda itachangamka."

"Hela ya kutupa, mama. Hata uweke yenye kasi namna gani, haitabadilisha kitu."

"Umejuaje?"

Ignas alitazama mlango. Siku hizi alitazama sana mlango, hata dada yake akiwa kiooni.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ignas alipokwenda Bigwa kwenye kazi ya ujenzi, Felista aliifunga laptopu ndani ya khanga, akaipanga kwenye tenga juu ya karoti, akashuka mjini akiwa na hela ya mbuzi. Maneno, fundi wa kompyuta, alimwamkia shikamoo, akaifungua kwa bisibisi.

"Mashine nzima hii, mama. Ila RAM yake ndogo, ni kama kutwangia mahindi kwenye kikombe. Nikikuwekea kubwa, yenye kasi, video haitaganda tena."

"Sema kweli, baba. Inafaa kuuza mbuzi kwa ajili yake?"

Maneno alicheka. "Inategemea unataka kumwona nani."

Felista akalipa. Njia nzima ya kupanda mlima alilirudia swali lake kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani. Hakumwambia Ignas kitu. Alitaka kumwona akiaibika kwa ubishi wake.

Jumapili ikafika. Ignas aliwasha laptopu, akaketi kidole kikiwa juu ya kibodi kama kawaida yake. Picha ilitokea papo hapo, safi, hata kovu dogo la kidevuni likaonekana.

Ignas alishtuka. "Mama, umefanya nini?"

"Nimeweka RAM. Si ulisema haitabadilisha kitu?"

"Shikamoo, mama," Catherine alisema.

"Marahaba, mwanangu!"

Hakukuwa na kuganda, wala mdomo uliobaki wazi. Felista alijawa na furaha mpaka machozi yakamtoka. Shamba limepona, alijisemea. Leo nitauliza na leo nitajibiwa. Akainua pindo la khanga ajifute kwanza, ndipo aanze kumuuliza hali, asije akamlilia mtoto aliye ugenini.

Pindo la khanga lilikuwa bado machoni, naye alikuwa hajauliza kitu.

"Nimekula, mama," Catherine akajibu, akitabasamu. "Wananitunza. Nasali kila siku."