Gumba la Makange

Gari la chama lilikuwa limeshawashwa, na Makange ameshaingiza mguu mmoja, Sijaona alipomshika mkono. Nchi ilikuwa inajitoa kwenye soko la pamoja na jirani zake, na mumewe ndiye aliyetumwa kuusemea upinzani kwenye meza ya mazungumzo.

"Mnakwenda kudai nini, baba Tunu?"

Akahesabu kwa vidole, akianzia kile cha mwisho: ushuru wa mahindi, bandari, kazi za madereva, kura ya bunge.

"Na gumba?"

"Gumba limepumzika."

Sijaona akalikamata. "Basi hili la mama yangu. Akifa kule ng'ambo ya mpaka, niombe kibali cha kwenda kumzika?"

"Wenzangu watanicheka, mke wangu."

"Wacheke. Wao wameoa mtaa wa pili."

Dereva akaangua kicheko. Makange aliondoka amelikunja gumba kiganjani, kama mtoto aliyeficha peremende.

Nchi ilijitoa. Mahindi yalipanda bei, bandari ikapoa, upinzani ukashindwa tena uchaguzi. Mama yake Sijaona alifariki masika. Geti la mpaka likafunguliwa kwa wafiwa, bila kibali, kama ilivyokubaliwa mezani, na Sijaona akavuka amemshika mumewe gumba.