Unyayo wa Komba

Alikuwepo Komba mmoja, fundi wa kurina asali na fundi zaidi wa maneno. Asali yake aliiuza soko la ng'ambo ya mto bila hata kushuka mtini: Korongo alipeleka vibuyu, akarudi na karanga za malipo.

Siku moja Nungunungu, mtoza ushuru wa ng'ambo, akaja ukingoni akapaza sauti. "Bwana Komba! Kila karanga kumi zinazolipwa sokoni kwetu, moja ni ya kuwalisha walinzi. Zako hatujaziona."

Komba akacheka. "Mimi na soko lenu wapi na wapi? Tafuta unyayo wangu huko. Ukiuona, nalipa."

Nungunungu akatafuta, asiuone, akaenda zake. Komba akajipongeza kwa kibuyu kizima.

Wiki haikuisha, Nguchiro akapokea vibuyu ishirini, akaviramba vyote, akakataa kulipa. Komba akarukaruka matawini. "Mzee Nungunungu! Nimedhulumiwa sokoni! Waite walinzi!"

Nungunungu akainama, akachungulia mchangani. "Kadhulumiwa nani? Mbona sioni unyayo?"

Komba akazipigia hesabu karanga mia mbili alizomdai Nguchiro. "Basi andika kwamba nipo."

"Tangu lini?"

"Tangu leo."

Nungunungu akageuka kuondoka.

"Tangu kibuyu cha kwanza!" Komba akalia.

Ndipo Nungunungu akapiga mbinja. Walinzi wakatoka mbio kumfuata Nguchiro, wembamba kama fito, na Komba akaona haya kuuliza kwa nini.