Makopo Sita Rafuni

Riziki aliingia jikoni kwa mama mkwe wake bila hodi, akalitua kopo mezani kwa kishindo.

"Nimelikuta uvunguni mwa kitanda cha mume wangu. Ni wewe, mama?"

"Ni mimi," Bi Mwatumu alijibu bila kugeuka. "Mwanangu umemkondesha kwa mboga za kuchemsha. Hicho kinywaji kinatia nguvu. Si kimeandikwa?"

"Hayo ni ya mbele. Soma ya nyuma. Kinachotajwa mwanzo ndicho kilichojaa humo."

Bi Mwatumu alilishika kopo mbali na macho, akasoma. Sukari.

"Mtu ana kisukari, kidonda cha mguu hakikauki, na wewe unamkorogea!"

"Usinipandishie sauti nyumbani kwangu. Toka!"

Riziki akatoka. Bi Mwatumu aliinua macho rafuni. Hakuwahi kutupa kopo zuri la kinywaji hicho likiisha: hili la chumvi, lile la iliki, lile la vifungo, yote sita yamejipanga, picha ya mtu wa misuli ikimchekea. Akapanda kigoda, akaanza kuyageuza moja moja, picha zitazame ukuta. Na kila kopo lilipogeuka, maandishi madogo ya nyuma yakamgeukia yeye.