Wenye Jina Moja

Bwana Faili aliuona ukurasa aliokuwa akiutafuta, akaufunika upesi kwa kiganja.

"Umepata?" aliuliza mama aliyeketi ng'ambo ya meza.

"Bado, mama. Subira."

Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alizeekea humo, kwenye ghala la nyaraka, na hapakuwa na karatasi iliyoweza kumficha kitu. Asubuhi hiyo walimjia wawili: mama mjane, mtulivu kama maji ya mtungi, na binti yake, msichana mwembamba mwenye macho mekundu na kucha zilizotafunwa hadi nyamani.

Shida yao waliieleza kwa maneno machache. Harusi ni Jumamosi. Bibi harusi na bwana harusi wana jina moja la ukoo, na profesa mmoja ameandika kitabuni kwamba wote wenye jina hilo ni uzao wa babu mmoja. Wazee wa pande mbili wamekishikilia kitabu hicho kama kimeshuka kutoka mbinguni. Wamesema pasipo ushahidi wa maandishi, ndoa haifungwi.

"Na bwana harusi mwenyewe yuko wapi?" Bwana Faili alikuwa ameuliza.

"Yuko chini, kwenye benchi," mama alijibu. "Magoti yake hayapatani na ngazi zenu."

"Magoti?"

"Ni mtu mzima, baba. Ana wajukuu. Lakini ni mcha Mungu, na ulimi wake hauna miiba."

Bwana Faili akamgeukia binti. "Na wewe, mwanangu, unasemaje?"

Binti akainamisha kichwa. "Mimi sina la kusema. Mama akishaamua, kaamua. Langu ni dua."

Bwana Faili alizitazama kucha zile zilizotafunwa. Dada yake alitolewa nyumbani hivyo hivyo, akapewa mzee wa kukongojea, na yeye, mtoto wa miaka tisa, hakuwa na kinywa cha kusema. Alishika tu pindo la nguo ya dada yake. Likamponyoka.

Sasa aliinua kiganja kidogo, akachungulia. Lilikuwa daftari la zamani la machimbo ya mawe. Karani wa siku hizo hakujisumbua kuwauliza vibarua majina ya baba zao. Wote arobaini aliwaandika kwa jina la nyapara wao, kisha pembeni, kwa wino hafifu, akaongeza: "Hawana undugu. Wametoka huku na huku." Profesa aliiona orodha, ya pembeni hakuyaona. Babu wa upande wa bibi harusi alikuwa wa kumi na mbili, wa bwana harusi wa thelathini na moja. Damu zao hazikukutana popote.

Ilikuwa aseme neno moja tu, na Jumamosi msichana huyu angekwenda kuyakanda magoti yale.

"Baba," mama alisema, na utulivu wake ukaanza kupasuka, "usinionee haya. Kama ni haramu, nambie. Sitaki kumkosea Mungu uzeeni."

Miaka ishirini na sita Bwana Faili hajawahi kumsomea mtu lisiloandikwa. Binti alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza bila sauti, vidole vyote kumi vimeng'ang'ania ukingo wa meza.

*Unisamehe, Mola,* aliwaza mzee. *Huyu hataniponyoka.*

Akalifunga daftari.

"Ni ndugu," alisema. "Babu zao ni mtu na mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja. Hapo hapana ndoa."

Huko nje mtu alikuwa akifagia, na ufagio ulisikika waziwazi, kwaru, kwaru. Bwana Faili alimtazama msichana, akingoja kumwona akishusha pumzi.

Msichana aliteleza kutoka kitini, akapiga magoti sakafuni, akamkumbatia mama yake kiunoni.

"Pole, mama yangu, pole," alisema huku akilia. "Wewe kaa hapa, usijitese. Nitashuka mimi nikamwambie mchumba wako."